Kisanduku cha udi kwa leza: kuchora meno, kukata na kuunga

Kisanduku chenyewe ni cha plaiwudi ya milimita 3. Urefu wake milimita 180, upana 132, kimo 84, na kifuniko chake ni cha kuinua. Ndani patakaa udi, ubani na kichupa kidogo cha marashi. Hakina msumari hata mmoja. Mbao zake hushikana kwa meno, jino la huku likiingia pengo la kule, kisha gundi kidogo inamalizia.

Meno ya aina hii maseremala wameyakata kwa msumeno na patasi tangu zamani. Leza huyakata kwa dakika chache, tena kwa usawa. Ila leza haijui ubao wako una unene gani, wala haijui kwamba moto wake wenyewe unakula mbao kidogo kila unapopita. Ukiijulisha mambo hayo mawili kwa vipimo vya kweli, meno yatabana. Ukichukua vipimo vya kukisia, utapata kisanduku kinacholegea, au mbao zisizoingiliana kabisa. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu juu ya kupima na kwa ufupi juu ya kubonyeza vitufe vya kompyuta.

Ubao

Plaiwudi inayouzwa kama "mili tatu" mara nyingi si milimita tatu. Huenda ikawa 2.7, ikawa 2.9, au ikapita tatu. Tena bao moja laweza kuwa jembamba ukingo huu na nene kidogo ukingo ule. Pima kwa vanya, kile kipimio chenye taya mbili cha mafundi wa mashine, mahali pasipungue sita, kisha uchukue wastani. Rula haitoshi kwa kazi hii.

Hapa Mombasa kuna jambo la ziada, nalo ni hewa. Unyevu upo mwaka mzima, na masika yakishika, kuanzia Aprili hadi Juni, unazidi. Plaiwudi haitanuki sana kwa urefu na upana kwa sababu nyuzi za tabaka zake zimepishana, lakini inavimba kwa unene na inajikunja. Bao lililoegemezwa ukutani kwa wiki mbili hupinda kama tanga. Lilaze chini, juu ya kitu kilichonyooka, na juu yake uweke uzito. Ukilibeba kwa tuktuk au mkokoteni siku ya mawingu, lifunge kwa nailoni. Na upime unene siku ya kukata, wala si siku ya kununua.

Bao zima ni futi nane kwa nne, yaani karibu milimita 2440 kwa 1220. Mwombe muuzaji akukatie vipande vinne vya futi nne kwa mbili. Ni rahisi kuvibeba, na ukiwa unavuka kwa feri ya Likoni utamshukuru. Kabla hujalipa, tazama ukingo. Tabaka ziwe zimeshikana bila mianya, na uso usiwe na mafundo mengi. Penye fundo, au penye mwanya uliojazwa gundi, leza hushindwa kupenya, na jino lako linabaki limening'inia kwa nyuzi chache.

Plaiwudi ya baharini, ile ya kustahimili maji, inavutia kwa mtu wa pwani. Gundi yake lakini ni ngumu na nyeusi, huunguza ukingo na kuichosha leza. Kwa kisanduku kinachokaa chumbani haina haja. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, nayo hukatika vizuri ajabu, kwa kuwa haina mkondo wa nyuzi wala mafundo, na mafundi wengi wa leza watakusukumia hiyo kwa sababu haiwapi taabu. Mimi siipendi kwa nyumba za huku. Ikipata maji hufura na hairudi, na ukingo wake unachubuka. Isitoshe, gundi yake huwa na fomaldehidi, kwa hiyo moshi wake wahitaji feni ya kutoa hewa inayofanya kazi kwelikweli.

Vipimo vinavyofuata meno

Wengi huchagua kwanza ukubwa wa kisanduku, kisha wanahangaika kugawanya meno ndani yake. Geuza. Chagua jino kwanza. Upana wa jino ukiwa mara mbili hadi nne ya unene wa ubao, kiungo kinakuwa imara na hakichoshi macho. Kwa milimita 3 nimechukua jino la 12. Idadi ya nafasi, yaani meno na mapengo kwa pamoja, iwe witiri ili kila ubao uanze na kuishia vilevile pande zote mbili. Kwa hiyo urefu ni nafasi 15, sawa na 180. Upana ni nafasi 11, sawa na 132. Kimo ni nafasi 7, sawa na 84. Ukitaka kisanduku kikubwa zaidi, ongeza nafasi mbilimbili.

Sasa kona. Hapa ndipo michoro mingi ya kwanza huharibika, kwa sababu kwenye kila kona ya chini mbao tatu zinakutana na zote tatu zinakidai kile kijipande cha mwisho. Ni lazima kona iwe na mwenyewe mmoja. Mimi naupa ubao wa mbele na wa nyuma.

Ubao wa mbele na wa nyuma, 180 kwa 84: kila ukingo wa kusimama huanza na kuishia kwa jino, meno manne na mapengo matatu. Ukingo wa chini nao huanza na kuishia kwa jino, meno manane na mapengo saba. Ukingo wa juu umenyooka.

Mbao za ubavuni, 132 kwa 84: ukingo wa kusimama huanza kwa pengo, kwa hiyo una meno matatu. Chini una meno sita, lakini yale mawili ya mwisho yanapunguzwa upana kwa kiasi cha unene wa ubao, kwa sababu kona si yake.

Sakafu, 180 kwa 132: huanza kwa pengo pande zote nne. Ukingo mrefu una meno saba, ukingo mfupi matano.

Kina cha kila pengo ni unene uliopima, si tatu ya dukani. Ukipima 2.8, pengo liwe 2.8. Unaweza kuongeza sehemu moja ya kumi ya milimita ili ncha za meno zichomoze kidogo uzisugue kwa msasa. Kinyume chake, meno yakizama ndani, hakuna msasa wa kukuokoa.

Kifuniko ni vipande viwili vilivyogandishwa. Cha juu ni 180 kwa 132, cha chini ni kidogo kinachoingia ndani ya mdomo wa kisanduku. Kwa ubao wa milimita 3 kamili mdomo ni 174 kwa 126. Kata kipande cha chini 173 kwa 125. Hiyo milimita moja ni ya hewa ya pwani. Mtu wa Nairobi angeweza kuibana zaidi.

Ukitaka kigawanyo cha ndani, udi huku na ubani kule, toboa tundu refu kwenye ubao wa mbele na wa nyuma, na kigawanyo kiwe na ulimi wa kuingia humo. Angalia tofauti: katika meno ya kona, unene unaamua tu kama uso utakuwa sawa. Katika tundu la kigawanyo, unene ndio unaoamua kama kitabana. Kwa hiyo makosa ya kupima yanaonekana hapa kwanza.

Kuchora

Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, ni ya bure na inatosha. Weka kipimo cha ukurasa kiwe milimita kabla hujachora mstari wowote. Chora umbo la kila ubao kama mstari mmoja uliofungwa, usiokatika. Rangi zitenganishe kazi: nyekundu ya kukata, nyeusi ya kuchonga nakshi. Programu za mashine, kama RDWorks au LightBurn, husoma rangi na kumpa fundi nafasi ya kuweka nguvu na kasi kwa kila moja.

Kama hutaki kuhesabu meno mwenyewe, Boxes.py ni programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Unaipa urefu, upana, kimo na unene, inakuchorea. Ina kisehemu kiitwacho burn, na wengi hukosea hapo: namba inayotakiwa ni nusu ya upana wa njia ya leza, yaani mwanya inaouacha ikikata, si njia nzima. Njia hiyo tutaipima baada ya muda si mrefu. Hata hivyo nakushauri cha kwanza ukichore kwa mkono wako. Ukishaelewa kona ni ya nani, hutababaishwa na mchoro wa programu yoyote.

Mambo matatu ya kukagua kabla ya kutuma faili. Kwanza, mistari iliyolaliana. Ukinakili ubao na kuusahau juu ya mwenzake, leza itapita mara mbili palepale na kupanua njia. Pili, maandishi yageuzwe kuwa michoro, la sivyo kompyuta ya fundi isiyo na fonti yako itayabadilisha. Tatu, ukubwa. Matoleo ya Inkscape kabla ya 0.92, lililotoka 2017, yalihesabu nukta 90 kwa inchi. Tangu hapo ni 96. Faili ikivuka kutoka programu moja hadi nyingine kwa hesabu tofauti, ubao wa 180 hutoka 192, au 168.75. Faili ya DXF, aina nyingine ya faili za michoro, nayo huweza kusomwa kwa inchi badala ya milimita. Dawa ni nyepesi: chora mraba wa milimita 100 pembeni, na faili ikifunguliwa kwenye mashine, uupime huo kwanza kwenye kioo.

Nakshi ni hiari yako. Milango ya Mji wa Kale ina mengi ya kuazima: minyororo ya kwenye fremu, mawaridi, maua ya yungiyungi. Mnyororo mmoja kuzunguka kifuniko unatosha. Ukijaza kila ubao, uchongaji utachukua muda mrefu kuliko ukataji, na fundi anayetoza kwa dakika hatalalamika.

Njia ya leza

Msumeno huacha njia, na leza pia huacha. Ni nyembamba, kwa plaiwudi ya milimita 3 mara nyingi kati ya 0.1 na 0.3, lakini ndiyo inayoharibu au kutengeneza kiungo. Fikiri: ukichora jino la 12, leza ikipita katikati ya mstari inakula nusu ya njia kila upande. Njia ikiwa 0.16, jino linatoka 11.84, na pengo linatoka 12.16. Kati ya jino na pengo kuna 0.32 za ulegevu. Kisanduku kinacheza mkononi.

Kuipima ni hivi. Katika kipande cha ubao uleule, kata vijiti kumi vya upana wa milimita 10, vimeshikana bega kwa bega, kwa mistari 11. Viondoe, vibane pamoja, upime upana wa vyote. Ungetegemea 100. Ukipata 98.4, zimeliwa 1.6 kwa vijiti kumi, kwa hiyo njia ni 0.16. Umbo la kila ubao basi litanuliwe nje kwa nusu yake, 0.08, na matundu ya ndani yabanwe kwa 0.08. LightBurn hulifanya hilo lenyewe ukiipa namba, na mchoro wako ukabaki na vipimo safi. Mwulize fundi mapema nani anafanya fidia, yaani huko kutanua na kubana, wewe au yeye. Ikifanywa mara mbili, utahitaji nyundo, na plaiwudi itapasuka.

Baada ya hapo kata chanuo. Ni vipande viwili vifupi vyenye meno, na kila jozi ya meno ina fidia yake: 0, 0.05, 0.08, 0.10, 0.12. Chonga namba kando ya kila jino. Viingilianishe. Lile linaloingia kwa kusukuma kwa gumba, au kwa kugongwa kidogo na mpini, na ukiligeuza chini halidondoki, ndilo lako. Kipande hiki kidogo hugharimu ubao wa ukubwa wa kiganja. Usikubali kukiruka hata kama fundi ana haraka. Mwambie tu, "Fundi, nikatie hiki kwanza, kingine nitangoja." Fundi anayejua kazi hatachukia.

Na usibebe namba ya mwezi jana. Lenzi ikichafuka njia hupanuka. Bao jingine lina gundi nyingine. Hata saa ya siku ina neno: mrija wa leza ya CO2, ile ya gesi ya kaboni dioksidi, hupozwa kwa maji, na Februari au Machi, maji ya ndoo yanayozungushwa na pampu hupata joto hadi nguvu ya leza inashuka. Mashine iliyokata safi saa tatu asubuhi huenda ikaacha nyuzi saa tisa mchana. Wenye kipoza maji nao wana mtihani wao. Wakishusha joto mno, hewa yetu yenye unyevu huganda matone juu ya mrija, na umeme ukaruka.

Mezani

Karakana nyingi zenye leza mjini ni za mabango, zawadi na nembo. Uliza mambo mawili: meza yao ina ukubwa gani, na kama ina pampu ya kupuliza hewa kwenye mkato. Meza ya milimita 600 kwa 400 inatosha. Panga sakafu, kifuniko na kipande chake cha ndani safu ya kwanza, mbao za mbele, nyuma na ubavu mmoja safu ya pili, na ubavu wa pili chini yake. Bila hewa ya kupuliza, miali huzunguka mkato na ukingo unakuwa makaa.

Funika uso kwa tepu ya karatasi ili moshi usiutie madoa. Ubao ukiwa umepinda, ushikize kwa sumaku au vizito kwenye meza ya chuma, kwa sababu ukiinuka hata milimita moja, mwale hauko tena kwenye kitovu chake na njia inakuwa pana. Mpangilio wa kukata uwe huu: nakshi kwanza, kisha matundu ya ndani, mwisho kabisa umbo la nje. Ukianza na nje, ubao unaweza kushuka au kusogea, na nakshi ikaenda upande.

Kuhusu nguvu na kasi, kwa CO2 ya wati 60 wengi huanzia karibu milimita 15 hadi 20 kwa sekunde, nguvu asilimia 60 hadi 70, kisha wanarekebisha. Tafuta kasi kubwa kabisa inayopenya. Kupita polepole kwa hofu ya kutopenya ndiko kunakotengeneza masizi.

Stima ikipotea katikati ya kazi, usiguse ubao. Ukiwa haujasogea, mashine ikirudi nyumbani kwake, yaani pembe yake ya kuanzia, fundi ataweza kukata mistari iliyobaki bila kasoro kubwa.

Usalama una maneno machache lakini hayana mjadala. Mashine ikikata mbao, mtu asimame hapo, na kizimamoto kiwe karibu. Mfuniko ufungwe. Na kama umefikiria kuweka bitana ya reksini, ile ngozi bandia, ndani, usiikate kwa leza. Nyingi ni plastiki ya PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, inayochoma mapafu na kuozesha mashine. Tumia kitambaa na mkasi, hata kipande cha leso kilichobaki.

Kuunga

Jaribu kwanza bila gundi. Anza na sakafu, simika ubao wa mbele, kisha mbavu mbili, nyuma mwisho. Mwale wa leza hauendi wima kabisa, upande mmoja wa mkato huwa mpana kuliko mwingine kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo mbao zote zielekeze uso uleule nje. Ukigeuza mmoja, utauhisi.

Futa masizi ndani ya meno kwa brashi kavu, na msasa wa 240 mpaso mmoja tu. Gundi haishiki vizuri kwenye mkaa, lakini ukisugua sana unarudisha ule ulegevu ulioutafutia dawa. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti, ndani ya mapengo na si juu ya meno, iliyozidi ikienda nje uifute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka. Ikibaki, vanishi itaonyesha baka. Kaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mikanda, unazunguka kisanduku kizima bila kuacha alama. Kisha pima pembe kwa pembe kutoka nje, juu. Njia zote mbili za mshazari ziwe karibu milimita 223. Moja ikizidi, minya kona ndefu kabla gundi haijashika. Siku za mvua, iache mpaka kesho.

Kipande cha ndani cha kifuniko kigandishe kisanduku kikiwa kimekwisha kukauka. Kiweke kwenye mdomo, ukizungushie vijiti vya karatasi iliyokunjwa ili kikae katikati, paka gundi, kisha teremsha kifuniko juu yake.

Kabla ya vanishi, kiache wazi penye upepo siku mbili tatu. Mbao iliyokatwa kwa leza hunuka moshi, na udi mzuri haustahili kulala humo. Kifuniko kipakwe vanishi pande zote, juu na chini, kwani kikipakwa upande mmoja, upande mwingine utafyonza unyevu na kitapinda. Ndani ya kisanduku mimi naacha mbao tupu, au naweka bitana, ili harufu ya vanishi isichanganyike na ubani. Masika yakifika na kifuniko kikaanza kugoma, sugua kipande kile cha ndani peke yake, upande unaoacha alama ya kung'aa, na usiguse mdomo wa kisanduku.